Aliyeitunza Liemba amekufa, majina ya wenzake yaandikwe

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo naliona likipita kimya kimya, ingawa linahusu mali ya taifa zima. Mwaka huu, katika kijiji ninachofundisha mwambao wa Ziwa Tanganyika, tulimzika mzee mmoja aliyefanya kazi katika meli ya Liemba kwa zaidi ya miaka 30, kisha akaendelea kuitunza hata baada ya kustaafu. Hakuwa nahodha wala mkubwa wa ofisi. Kazi aliyoajiriwa nayo ilikuwa ni kupaka grisi na kutia oili katika chumba cha mashine. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa wanawe wameniomba ningoje hadi arobaini ipite. Lakini aliyepanda meli hiyo miaka ile atamkumbuka nikisema ni yule mzee wa kofia ya sufi aliyekuwa akipita sitahani alfajiri na pamba ya kufutia begani, akigusa vyuma kama mama anavyomgusa mtoto kujua kama ana homa.

Wasomaji wa mikoa ya mbali huenda wanaisikia Liemba kwa jina tu, kwa hiyo nieleze kidogo. Meli hii iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni ya Reli ya Kati mpaka Kigoma. Huko ikaunganishwa upya na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Wajerumani waliipa jina la Graf von Götzen, yule gavana aliyetawala wakati wa Vita vya Maji Maji. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaelemea, na Wabelgiji wakakaribia Kigoma, waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916.

Hapo ndipo alipopenda kuanzia mzee wetu kila alipokuja kuzungumza na wanafunzi wangu wa darasa la sita. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nene ili maji yasiile, maana walitumaini siku moja wataiinua. Wao hawakuiinua. Wabelgiji walijaribu, ikazama tena. Waingereza ndio walioiinua mwezi Machi 1924, karibu miaka minane tangu ilipozamishwa, na walipofungua mitambo wakakuta bado inafaa kutumika. Mwezi Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe kwa watu wa upande wa kusini. Mzee alikuwa akiinua kopo la grisi mbele ya darasa na kusema, "Watoto, meli hii haikuokolewa na mizinga. Iliokolewa na hiki." Wanafunzi walicheka, lakini katika mtihani hakuna aliyekosea swali hilo.

Sasa hoja yangu, Ndugu Mhariri, ni hii. Mafundi watatu wa Kijerumani walioiunganisha na kuipaka grisi wanajulikana kwa majina: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Wameandikwa vitabuni, na msomi yeyote atakayeandika habari za Liemba ataanza nao. Sina kinyongo nao, walifanya kazi nzuri. Lakini masanduku yale 5,000 hayakujibeba. Waliogonga ribiti kwenye gati ya Kigoma, waliozamia na kuondoa mchanga, waliokesha kwenye boila wakati meli ikienda kwa mvuke, waliobadilisha mitambo ilipofungwa injini za dizeli katika miaka ya 1970, hao majina yao yako wapi? Mjerumani aliitumia meli hii kwa muda usiofika mwaka mmoja na nusu. Tangu mwaka 1927 imetunzwa kwa jasho la watu wa mwambao huu, na ukiuliza utajibiwa kwamba walikuwa "vibarua".

Mzee wetu alianza kazi akiwa kijana, wakati wa mvuke. Alipenda kusema kuwa mvuke ulikuwa unapumua na dizeli inakohoa, ingawa hiyo dizeli aliihudumia miaka mingi bila kuidharau. Alifundishwa na mtu aliyemtangulia, naye huyo alifundishwa na waliokuwapo meli ilipotolewa majini. Hapakuwa na kitabu. Nitatoa mfano mmoja tu wa ujuzi huo. Mwili wa Liemba, wenye urefu wa mita 71 hivi, umeshikwa kwa ribiti, haukuchomelewa kama meli za siku hizi. Ribiti ikilegea huwezi kuona kwa macho chini ya rangi. Mzee alikuwa na nyundo ndogo. Aligonga na kusikiliza: iliyokaza inalia kama kengele, iliyolegea inatoa sauti ya chungu chenye ufa. Alijua pia sehemu zipi za ngama hukusanya maji baada ya dhoruba ya kusi, na pampu ipi husema uongo. Neno hilo la "kusema uongo" ni lake. Alikuwa na maana ya pampu inayonguruma bila kuvuta kitu.

Kazi yake ilikuwa chini, lakini wengi tunamkumbuka kwa aliyoyafanya juu. Mwambao huu, vituo vingi ambavyo Liemba ilikuwa ikisimama havikuwa na gati. Meli ilipiga honi usiku wa manane, ikazima mwendo katikati ya maji, na maboti na mitumbwi yakaikimbilia kutoka ufukweni yakigongana. Humo mlikuwa na magunia ya dagaa, mikungu ya ndizi, mbuzi, wagonjwa wanaopelekwa hospitali, na akina mama wenye watoto mgongoni. Kila mtu alitaka kuingia kwa mlango ule mmoja wa ubavuni. Zamu yake ikiwa imekwisha, badala ya kwenda kulala, mzee alisimama mlangoni akipokea watoto. Hakuna aliyemtuma. Mimi mwenyewe nilipopangiwa kazi huku mwaka 2013, nikitoka chuo cha ualimu na sanduku moja la bati, nilishushwa kwenye mtumbwi uliokuwa ukipanda na kushuka kama ubao wa bembea. Kwa wakati huo yeye alikuwa tayari amestaafu, lakini alikuwamo safarini kama abiria wa kawaida, na bado alikuwa pale mlangoni. Aliniambia, "Mwalimu, usiangalie maji, angalia mkono wangu." Nimewapa wanafunzi wangu maneno hayo mara nyingi wanapoogopa hesabu.

Mwaka 2015, maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, Liemba ndiyo iliyokwenda kuwachukua na kuwaleta Kigoma. Kipindupindu kilikuwa kimeingia. Mzee wetu alikata nauli yake mwenyewe ya boti kwenda Kigoma, akajitolea kuosha sitaha kwa dawa kati ya safari moja na nyingine. Aliporudi kijijini alikuwa amekonda. Wanawe walimlaumu, naye akawajibu kwamba meli ikipakia watu waliokimbia kifo lazima iwe safi kama msikiti.

Tangu Liemba ilipoacha safari za kawaida mwishoni mwa muongo wa 2010, mzee alikuwa akienda Kigoma kila alipopata nauli, akaruhusiwa na walinzi waliomjua kuingia na kopo lake. Alipaka grisi winchi ambazo hazizunguki, bawaba za milango, minyororo ya nanga. Wapo vijana waliomcheka. Mmoja aliwahi kumwambia mbele yangu, "Babu, unapaka mafuta maiti." Mzee hakukasirika. Alimwuliza kijana yule kama anajua meli hii ilikaa chini ya maji miaka mingapi, na kijana hakujua.

Wapo pia watu wazima, tena wenye elimu, wanaosema Liemba ni chuma cha mkoloni, fedha zinazotumika kuitengeneza zingejenga zahanati na madarasa. Mimi ni mwalimu. Darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati, kwa hiyo hoja hiyo siidharau. Lakini mwenye kusema hivyo aje apande boti ya mbao iliyopakia kupita kiasi wakati wa kusi, na mgonjwa amelala juu ya magunia, ndipo atuambie kama meli si sehemu ya zahanati. Kuhusu ukoloni, Reli ya Kati ilijengwa na nani? Mbona hatuing'oi? Meli iliyopewa jina la gavana wa Maji Maji, leo inaitwa kwa jina la ziwa letu, na imebeba dagaa zetu, wagonjwa wetu na majirani zetu waliokimbia vita. Kwa maoni yangu imekwisha kuwa yetu kwa kazi, hata kama karatasi za kwanza ziliandikwa Papenburg.

Serikali imeamua Liemba ifanyiwe matengenezo makubwa, na sisi wa mwambao tunaishukuru kwa hilo. Ninalolilalamikia ni kwamba wakati vyuma vinahesabiwa, kubadilishwa na kuandikwa katika hesabu, watu hawahesabiwi. Mzee wetu alikuwa na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa na kumbukumbu za mitambo: tarehe, pampu iliyoharibika, nani aliitengeneza na kwa namna gani. Miaka kadhaa iliyopita alifika mgeni mmoja mwenye kamera, akasema anaandika habari za meli za kale, akaliazima kwa wiki mbili. Halikurudi mpaka leo. Mzee alilisubiri daftari lile kwa uaminifu ambao mimi ulikuwa ukiniuma. Kila boti ilipofika aliuliza kama kuna kifurushi chake.

Daftari la pili lina majina ya wenzake. Hilo hakumpa mtu. Alinikabidhi mimi alipoanza kuumwa, akaniambia niliandike upya kwa mwandiko unaosomeka, kwa kuwa wake ulikuwa umeanza kutetemeka. Kuna wapaka grisi, wachochea moto, mabaharia, maseremala, wapishi, na mwanamke mmoja aliyekuwa akifua mashuka ya daraja la kwanza. Mbele ya baadhi ya majina ameandika maneno mawili matatu: "alijua boila", "aliokoa mtoto Karema", "mwizi wa sukari lakini fundi". Hayo ya mwisho nilimwuliza kama niyaache. Akasema niyaandike kama yalivyo, maana huyo mtu angekuwa malaika asingefanya kazi kwenye meli.

Naomba wanaohusika na matengenezo ya Liemba wafikirie mambo mawili kabla kazi hiyo haijasahaulika. La kwanza, kuwekwe ubao wa majina ya wafanyakazi wa meli hiyo mahali ambapo abiria wa daraja la tatu wanaweza kuuona, si ofisini kwa nahodha. Majina ya zamani yatafutwe katika majalada ya mishahara ya reli, tangu enzi za Tanganyika na Afrika Mashariki mpaka Shirika la Reli la Tanzania, kabla mchwa hawajamaliza. Ubao wa namna hiyo bei yake haifiki ya dirisha moja la meli. La pili, na hili ni la haraka zaidi, vijana watakaoajiriwa katika chumba cha mashine wapelekwe kukaa na wastaafu waliobaki Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao, japo kwa mwezi mmoja. Wazee hao hawazidi vidole vya mikono, na wengine kati yao hawaoni tena. Lakini masikio wanayo, na kazi ya nyundo ni ya masikio.

Mimi nimekwisha nakili daftari la pili mara tatu. Nakala moja iko shuleni, ya pili nitaikabidhi kwa Afisa Utamaduni wa wilaya, na ya tatu wanawe wanayo. Daftari lenyewe sitaliazimisha kwa mtu. Wasomaji ambao baba au babu zao walifanya kazi Liemba wakati wowote ule, wawe Kigoma, Rukwa, Katavi, au ng'ambo ya pili huko Kalemie na Mpulungu, nawaomba waandike majina hayo na kazi walizofanya, wayalete katika ukurasa huu. Na yule mgeni mwenye kamera, kama anasoma gazeti hili, namwambia kuwa mwenye daftari amefariki, ila wajukuu wake wapo, na boti hufika kijijini kwetu kila wiki.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mwambao wa Kusini,
Kigoma.