MAHARI SI BEI YA MTU

Mji wa Tabora ulikuwa njia panda ya misafara. Katika njia ile itokayo Bagamoyo hadi Ujiji, pembe za ndovu zilichukuliwa mabegani, na watu nao wakatiwa bei. Wanawake na watoto wengi walipitishwa hapo. Wengine wakabakizwa kuwa mali ya mabwana. Aliyetoroka alisakwa akarudishwa. Mwaka 1922 sheria iliufuta utumwa katika Tanganyika. Je, lugha yake nayo imefutika?

Twauliza hivyo kwa sababu hata leo yuko mume ampigaye mkewe, naye akiulizwa hujibu, "Nimemtolea ng'ombe." Mke akikimbilia kwa wazazi wake usiku, mtoto mgongoni, huenda kukicha wakamrudisha wao wenyewe kwa kuogopa kudaiwa mahari. Hayo ndiyo maneno ya msafara, na hayo ndiyo matendo yake. Mahari ni heshima baina ya koo mbili. Si bei, wala si hati ya kuumiliki mwili wa mtu.

Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 66, yasema wazi kwamba hapana mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, hata mila ikisema vingine. Sheria hiyo hiyo haikuifanya mahari kuwa sharti la ndoa kuwa halali. Tena mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuipata mali ya ndoa. Basi asiambiwe mke kwamba aliingia mikono mitupu na atatoka mikono mitupu.

Hata hivyo, katika uchunguzi wa taifa wa 2015-16, wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya ndani. Mficha maradhi, kifo humuumbua! Na mtoto ashuhudiaye kipigo kila siku, atajifunza nini kuhusu ndoa?

Ndugu zetu, sheria haiwezi kufungua mlango usiku wa manane. Afunguaye ni jirani. Balozi wa nyumba kumi, mfanyakazi wa reli, mkulima wa tumbaku, kila mmoja ampokee akimbiaye, amlaze salama pamoja na watoto wake, kisha amsindikize hospitali na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwa shida ya mtoto, ipo simu 116, isiyolipiwa. Wazee nao wasuluhishe magomvi, lakini wasimrudishe mtu penye fimbo.

Zamani mtoro alirudishwa kwa bwana wake. Sisi tulio huru, yatupasa tumpokee.