MIUJIZA NA MAUMBILE: JE, NI MAJI NA MAFUTA?

Wahenga walinena kwamba ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nami, mpenzi msomaji, niliyaona ya Firauni likizo iliyopita huko kwetu Gusii. Tangu siku hiyo swali moja limenikwama kooni kama mwiba wa samaki: je, lile jambo tunaloliita muujiza au uchawi laweza kutokea bila kuvunja sheria za maumbile? Au mambo haya mawili ni kama maji na mafuta?

Hebu nikusimulie. Ilikuwa yapata saa kumi alasiri. Mvua ya kwetu haipigi hodi. Mbingu ilifunga ghafla, na ng'ombe watatu wa jirani wakakimbilia chini ya mkaratusi. Mvulana aliyekuwa akiwachunga alichutama hatua chache kando yao, kajikunyata, nyayo kazibana pamoja. Radi ikapiga. Ng'ombe wote watatu wakafa papo hapo. Mvulana je? Aliinuka akitetemeka, masikio yakimvuma, lakini mzima!

Kabla ya jua kutua, maneno yalikuwa yashaenea kijiji kizima. Ati radi ile ilitumwa. La sivyo, ingewezaje kuwachagua ng'ombe na kumwacha mtu? Ati kuna nyanya mmoja, mjane anayeishi peke yake, ambaye alikuwa amekosana na mwenye ng'ombe kuhusu mpaka wa shamba. Jioni vijana walikusanyika njia panda, na kwa macho yangu haya nilimwona mmoja amebeba mafuta ya taa. Mungu si Athumani, naibu wa chifu alipata habari mapema, akakesha pamoja na wazee mlangoni pa yule nyanya.

Usidhani natia chumvi. Mnamo Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliteketezwa huko Kisii kwa kushukiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021 akina nyanya wanne waliuawa huko Marani kwa tuhuma zizo hizo. Kwa hivyo swali langu si la kupitishia wakati bwenini. Jibu lake laweza kumwokoa mtu au kumwangamiza.

Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia. Alinieleza kwamba umeme wa radi ukifika chini hausimami hapo. Husambaa udongoni, nguvu yake ikipungua kadiri unavyokwenda mbali. Sasa mtazame ng'ombe: miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana zaidi ya mita moja. Tofauti ya nguvu za umeme baina ya miguu hiyo huwa kubwa, basi umeme hupanda huku na kushukia kule, ukipitia moyoni. Mvulana aliyebana nyayo alikuwa na tofauti ndogo mno. Hata hivyo alikuwa na bahati, kwani karibu na mti si mahali pa kujikinga kamwe. Na kwa nini radi ni nyingi kwetu? Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda milima yetu mchana, ikapoa na kuwa mawingu ya ngurumo. Kumbe radi haikuchagua mtu! Ilifuata njia yake tu.

Je, hii ina maana kwamba sayansi imeufungia muujiza mlango? Wako wenzangu wasemao hivyo katika midahalo yetu. Mimi nasema la! Sheria ya maumbile si kama sheria ya Bunge, ambayo ukiivunja polisi wanakukamata. Ni muhtasari wa yale ambayo binadamu ameyaona yakijirudia. Likitokea jambo lisiloingia katika muhtasari huo, yawezekana kwamba hatukulitazama vizuri, au muhtasari wetu ulikuwa nusu.

Chukua mfano wa Ziwa Nyos, nchini Kamerun. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 watu zaidi ya 1,700 na maelfu ya mifugo walikufa bila vita wala moto. Nani asingesema ni mizimu? Wataalamu walipochunguza waligundua kwamba hewa ya kaboni dayoksaidi, iliyokuwa imejikusanya katika maji ya chini ziwani, ililipuka ghafla. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ikatambaa mabondeni na kuwakosesha watu pumzi. Mwaka wa 2001 bomba liliwekwa ili kuitoa kidogo kidogo. Hebu fikiria kama wangetafuta mchawi badala ya bomba!

Wala dini hazipingani na wazo hili. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Kaskazini aliyefariki mwaka wa 430, alifundisha kwamba muujiza haupingani na maumbile bali na yale tuyajuayo kuhusu maumbile. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka wa 1111, alishikilia kwamba moto kuichoma pamba ni ada aliyoiweka Mungu, na mwenye ada anaweza kuibadilisha. Hata kitabu cha Kutoka husema bahari ilirudishwa nyuma kwa upepo mkali wa mashariki uliovuma usiku kucha. Upepo, bwana! Aaminiye hapotezi chochote kwa kukubali kwamba Mungu hutumia vyombo alivyoviumba mwenyewe.

Rafiki yangu wa deskini alinitega: "Kama kila kitu kina sababu, mbona unaomba kabla ya mtihani?" Nilimjibu kwamba kujua jinsi jambo lilivyotokea si kujua maana yake kwangu. Mama ya yule mvulana humshukuru Mungu hadi leo, na sina la kumkosoa. Lakini shukrani haimchomi mtu. Tuhuma humchoma. Anayesema "nimeokolewa" hamdai mtu chochote. Anayesema "fulani ndiye aliyetuma radi" anadai roho ya mtu, basi na alete ushahidi. Kutojua kwetu si ushahidi.

Kwa hivyo, msomaji mwenzangu, msimamo wangu ni huu: maajabu yapo, na huenda yote yamo ndani ya sheria ambazo bado hatujamaliza kuzisoma. Ukikutana na ajabu, stahi, uliza, chunguza. Kiberiti kiache jikoni. Yule nyanya yu hai. Nilipokwenda kumwaga kabla ya kurudi shuleni alinipa ndizi mbivu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, huko shuleni mnafundishwa kuhusu radi?"

Naam, nyanya. Tunafundishwa. Nami nikifunga tena nitakuja kuwaeleza wote njia panda.