Mke ana bahasha ya vipimo, ya mume iko wapi?

Mwaka wa kwanza wa ndoa watu hutania. Mama mkwe akipiga simu huuliza, "Mjukuu wangu hajambo?" na wote wanacheka. Mwaka wa pili utani unaisha, wifi anaanza kutaja majina ya waganga. Kufikia mwaka wa tatu mke ana bahasha ya kaki iliyojaa majibu: utrasaundi mbili, homoni, mkojo, damu. Mume hana hata karatasi moja.

Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, tatizo la upande wa mwanamume huwamo, ama peke yake ama pamoja na la mke. Kwa hiyo mke anayezunguka hospitali peke yake anapoteza fedha na, kibaya zaidi, muda. Umri wake haumsubiri.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu kuwa ni ugumba pale mimba inaposhindikana kwa miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Mke akivuka miaka 35, madaktari hushauri wasingoje zaidi ya miezi sita. Na kama hedhi yake inaruka miezi, au mume alikuwa na korodani ambayo haikushuka utotoni, waende mapema zaidi.

Wanaume wengi hujitetea kwa kusema, "Mimi niko vizuri." Lakini nguvu za kiume na mbegu ni vitu viwili tofauti. Mwanamume anaweza asiwe na shida yoyote chumbani na bado maabara isione hata mbegu moja. Mtoto aliyempata miaka kumi iliyopita si ushahidi wa leo. Wapo pia wanaojichoma sindano za testosterone ili wajenge misuli, bila kujua kwamba zinaweza kusimamisha kabisa utengenezaji wa mbegu.

Kipimo chenyewe hakina sindano. Mume hukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu, kisha hujichua kwenye kikopo safi alichopewa na maabara. Asitumie mate, mafuta wala kondomu ya kawaida, kwa kuwa huharibu mbegu. Wapo wanaoshindwa katika kile chumba kidogo cha hospitali, huku watu wakipita nje ya mlango, na hilo si la kuchekwa. Aulize kama anaruhusiwa kutolea nyumbani. Akiruhusiwa, kikopo kifike maabara ndani ya saa moja, kikae karibu na mwili kipate joto, kisiwekwe kwenye friji.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unataja kiwango cha chini cha mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na angalau asilimia 42 ziwe zinatembea. Aliye chini ya hapo hajaambiwa kwamba hatazaa. Mbegu huchukua karibu miezi mitatu kukomaa na kutoka, hivyo homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuonekana kwenye majibu ya leo. Ndiyo maana majibu mabaya hurudiwa kabla ya kuamua lolote.

Kwa mke, kosa la mara kwa mara ni siku. Kipimo cha homoni kinachoonyesha kama yai limepevuka hufanywa siku saba kabla ya hedhi inayofuata. Hiyo "siku ya 21" inayoandikwa kwenye vyeti inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Wa siku 35 akipimwa siku ya 21 ataambiwa yai halikupevuka, kumbe amewahi mno. Picha ya eksirei ya mirija, inayopigwa kwa kuingiza dawa kwenye kizazi, hufanywa hedhi ikishaisha. Ina maumivu na gharama kubwa kuliko kikopo cha mume, na haina sababu ya kumtangulia.

Wakienda wote siku moja, mke hatalazimika kumbembeleza mtu. Na simu ya mama mkwe ikiita tena, apokee mwanawe mwenyewe: "Shikamoo mama. Tumeanza vipimo, wote wawili."