Mkono Mkubwa na Mpini wa Bastola

Katika viwanja vya shabaha, kama ilivyo katika karakana na mashambani, kosa likitokea lawama humwendea mtu kwanza. Huambiwa kwamba hana utulivu, au hajafanya mazoezi ya kutosha, au mkono wake ni mzito. Ni nadra chombo chenyewe kuulizwa. Hoja ya makala haya ni kwamba chombo chapasa kuulizwa kwanza. Na bastola, kwa kuwa haisamehi kosa hata liwe dogo namna gani, ni mfano ulio wazi.

Hebu itazamwe hesabu yake. Bastola ikigeuka kando kwa nyuzi moja tu, risasi itakosa shabaha iliyo umbali wa mita 25 kwa sentimita 44 hivi. Mwanafunzi mwenye jedwali la tanjenti anaweza kulithibitisha jambo hili kwa dakika moja. Kama kati ya kilengeo cha nyuma na kile cha mbele pana sentimita 16, na kilengeo cha mbele kikasogea milimita moja, risasi itasogea milimita 156. Milimita moja ni unene wa ukucha mgumu! Na kinachokisogeza kilengeo hicho, mara nyingi, si woga bali ni kidole cha shahada.

Kidole hicho hutakiwa kukivuta kifyatuo moja kwa moja kuelekea nyuma. Mwenye mkono mkubwa akishika bastola ndogo, masafa kutoka mgongo wa mpini hadi kifyatuo huwa mafupi mno kwake. Kidole hupitiliza hadi kwenye pingili ya pili, hujikunja mfano wa ndoana, na badala ya kuvuta nyuma huvuta upande. Wakati huohuo kidole chake cha mwisho huning'inia chini ya mpini bila kitu cha kushika, na katikati ya kiganja hubaki uwazi. Basi bastola inapopiga teke, mkono haujaikamata yote. Mtutu uko juu ya mkono, kwa hiyo kani ya teke hutenda kama kani katika wenzo ambao egemeo lake ni kiganja; mpini usipojaza kiganja, mtutu huinuka zaidi na kurudi mahali pake kwa kuchelewa. Zaidi ya hayo, ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada hujitokeza juu, nayo ikabanwa na nyundo ya bastola au kukwaruzwa na chuma kinachorudi nyuma. Mtu aliyekwisha kubanwa hivyo mara mbili atashtuka kabla ya mlio wa tatu, naye mkufunzi ataandika kwamba ni mwoga.

Majeshi yaliyafahamu haya zamani. Bastola ya Colt iliyobuniwa na John Browning, na kukubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911, ilirekebishwa katika miaka ya 1920 baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ulimi wa usalama ulio nyuma ya mpini ulirefushwa ili nyundo isiubane mkono. Lakini wakati huohuo kifyatuo kilifupishwa, na chuma cha nyuma yake kikachongwa kidogo kwa ajili ya wenye vidole vifupi. Bastola moja ilitakiwa kuwaridhisha watu wawili wasiofanana.

Tatizo ni kwamba mpini wa bastola ya namna hii si kipande cha mti tu. Ndani yake mna kikasha cha risasi. Risasi ya milimita 9 ina urefu wa milimita 30 hivi, na hakuna fundi awezaye kuufanya mpini uwe mwembamba kuliko kilichomo. Bastola ya Browning ya mwaka 1935, iliyotengenezwa Ubelgiji, ilipanga risasi 13 kwa safu mbili zilizopishana, na tangu hapo mipini ikazidi kunenepa. Wenye mikono mikubwa walifurahi. Wenye mikono midogo walilalamika, hasa baada ya jeshi la Marekani kuchukua Beretta mwaka 1985. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Walther ya Ujerumani ilitoa bastola ambayo mgongo wa mpini wake hubadilishwa, mwembamba kwa mnene. Glock ikafuata mwaka 2010. Mwaka 2017 jeshi la Marekani lilichagua bastola ya SIG Sauer yenye mipini ya ukubwa wa namna tatu. Ilikuwa imepita miaka 106 tangu ile ya Browning. Na mkulima wa Afrika Mashariki, ambaye hununua jembe la chuma dukani na mpini akajichongea mwenyewe, amekuwa akifanya hivyo siku zote. Ukimchubua, hutwaa kipande cha chupa akaukwangua.

Chanzo cha kuchelewa huko ni imani katika "mtu wa wastani". Mwaka 1952 Gilbert Daniels wa Jeshi la Anga la Marekani alichapa matokeo ya kuwapima marubani 4,063. Alitazama vipimo kumi vya mwili, akatafuta ni nani aliye karibu na wastani kwa vyote kumi. Hakupatikana hata mmoja. Katika upimaji wa askari wa Marekani wa mwaka 1988, mkono wa mwanamume wa wastani ulikuwa na urefu wa sentimita 19.4 na wa mwanamke 18. Lakini mwanamume mmoja kati ya ishirini alizidi sentimita 21. Mpini uliotengenezwa kwa ajili ya 19.4 hauwafai wengi wa hao.

Wako watakaosema kwamba mazoezi ndiyo dawa, nao humtaja Károly Takács wa Hungaria. Mkono wake wa kulia uliharibiwa na guruneti mwaka 1938, akajifunza kulenga kwa wa kushoto, akashinda medali ya dhahabu katika Olimpiki za 1948 na 1952. Mfano huo ni wa kweli, ila wanausoma kinyume. Takács hakuulazimisha mkono ulioharibika ufanye kazi usiyoiweza, aliuacha. Mazoezi juu ya mpini usiofaa huukomaza upotovu uleule. Walenga shabaha wa Olimpiki wenyewe hutumia mipini ya mbao iliyochongwa kwa umbo la kiganja cha kila mmoja, yenye kingo ya chini inayopandishwa na kushushwa, mradi isiuzingire mkono, kwani kanuni zinakataza. Kwa silaha nyingine, kazi hiyo ni ya fundi silaha mwenye leseni: gundi na mpira vilivyobandikwa ovyo vinaweza kuuzuia ulimi wa usalama usifanye kazi.

Shuleni hakuhitajiwi bastola yoyote ili somo hili lifundishwe. Rula yatosha. Mkono hupimwa ukiwa umenyooshwa, kutoka mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Kisha hupimwa mzingo wa mpini wa panga, wa jembe na wa patasi ya karakana. Vipimo vya wasichana na vya wavulana viandikwe mbalimbali, na wanaotumia mkono wa kushoto watiwe alama, kwa maana mikasi ya shule nyingi haikutengenezwa kwa ajili yao.