Staa wa Mataa, Fungua Ubavu wa Kasha Tuione Pawa Saplai!

Wadau, leo nimeamka vibaya na simung'unyi maneno. Kuna kaka mmoja hapa mjini, jina silitaji, nyie wenyewe mnamjua. Yule mwenye chumba cha mataa ya zambarau, usiku anacheza gemu laivu, mchana anatuuzia ushauri. Juzi kapandisha klipu, kakaa mbele ya kompyuta yake ya kioo, feni zinawaka kama ukumbi wa sendofu, anasema mwaka huu ukinunua kompyuta ya mezani iliyo tayari wewe ni mshamba. Mwanaume anaunda yake. Watu wakamwaga laiki, mastaa wenzake wakamwaga vicheko, na kule chini madogo kibao wanauliza: "Bro, nina laki nane, nianzie wapi?"

Hao madogo ndio walionifanya nikae niandike.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Mbagala, anahariri video za harusi. Mwaka jana alikuwa na milioni moja na nusu. Nusu ya hiyo hela ilitoka kwenye kikoba cha mama yake. Mimi nikamwambia nunua ya ofisi, ile ya kawaida, uanze kazi. Akanicheka. Alikuwa ameshaangalia klipu za akina kaka mataa mpaka amezikariri. Akapewa listi na fundi mmoja: prosesa i5-12400F, kadi ya grafiki RX 580, RAM ya GB 16, kasha la kioo lenye feni sita, na pawa saplai imeandikwa wati 600, kampuni yake hata sasa hivi siwezi kuitamka.

Iliwaka. Tena ilipendeza, sitamnyima haki yake. Miezi miwili.

Siku hiyo umeme ulikatika kama kawaida, ukarudi kwa kishindo. Harufu ya kuungua ikajaa chumba kizima. Pawa saplai ilikufa ikaondoka na mazabodi, ikaondoka na kadi, na mbaya kuliko vyote ikaondoka na diski iliyokuwa na video ya sendofu ya watu. Kadi za kamera alikuwa ameshazifuta ili apige kazi nyingine. Advansi aliirudisha kwa mafungu, miezi minne. Video haikurudi. Yule bibi harusi wala hakugombana naye, alilia tu kwenye simu, na dogo anasema bora angemtukana.

Sasa sikilizeni vizuri, maana mtaniambia ni bahati mbaya. Bahati mbaya ni umeme. Yaliyobaki yote yalikuwa kwenye ile listi.

Anza na hiyo herufi F. Prosesa ya Intel yenye F mwishoni haina grafiki za ndani. Maana yake kadi ikifa, kioo ni cheusi, huna hata pa kuandikia barua ya kuomba radhi. Dogo alipoazima mazabodi ili aone kama prosesa imepona, hakuona kitu, ikabidi aazime na kadi. Na kwa mhariri wa video hilo ni kosa mara mbili, kwa sababu grafiki za ndani za Intel zina kazi: zinasaidia kufungua video za kamera wakati wa kuhariri. Kaokoa vijisenti kwenye F, kapoteza msaidizi.

Halafu hiyo RX 580. Ilikuja kukutwa ni ile ya 2048SP. AMD waliitoa mwaka 2018 kwa ajili ya soko la China. RX 580 yenyewe ina viini 2304, hii ina 2048, ambavyo ni vya RX 570. Jina la kaka, mwili wa mdogo wake. Tena kadi za ukoo huo ndizo zilizofanyishwa kazi usiku na mchana kuchimba Ethereum, uchimbaji ulipokoma Septemba 2022 zikamwagwa sokoni kwa wingi. Zinasafishwa vumbi, zinaingia boksi jipya, zinakuja kwako. Kuna programu ya bure inaitwa GPU-Z, unaifungua palepale dukani inakuonesha kadi ni nini hasa, na zile zilizobadilishwa jina kitapeli inaziandikia FAKE. Kaka mataa hajawahi kuitaja hata siku moja. Atataja vipi wakati anayemwalika dukani ndiye mwenye kadi?

Na pawa saplai. Jamani. Nimerudia klipu yake ya kuunda mashine mara mbili. Kasha limepewa dakika nne. Mataa yana wimbo wao. Pawa saplai imepita kama mgeni asiyealikwa, mkono tu, ndani, kifuniko kikafungwa. Kwenye makasha ya siku hizi inafichwa chini huko, haionekani, haiwaki rangi, haina laiki. Ndiyo maana hela inakatwa hapo. Kifaa ambacho vifaa vyote vinakitegemea kinanunuliwa kwa chenji iliyobaki baada ya feni. Nyumbani kwa mama mdogo friji ina gadi, tivii ina stabilaiza, kompyuta ya milioni na nusu ilichomekwa kwenye ekstensheni ya elfu tano.

Kaka yeye ikiungua analetewa nyingine. Lile duka analolishukuru mwisho wa kila klipu mnadhani linashukuriwa kwa mapenzi? Kulipwa si dhambi, mjini hapa kila mtu anatafuta ugali. Ila sema, ili dogo wa Mbagala ajue kwamba wewe unacheza na vya kupewa, yeye anacheza na kikoba cha mama.

Msije mkanielewa vibaya kwamba vya tayari ni salama. Kuna dada mmoja naye, sauti mnaifahamu, anauza "kompyuta za gemu zilizo tayari" kwenye posti zake. Kasha jipya, mataa, stika ya i7. Uliza ni i7 ipi. Unakuta i7-2600, ya mwaka 2011! Mtoto aliyezaliwa siku ilipotoka yuko sekondari. Leo hata i3-12100, prosesa ya bei ya chini, inaiacha mbali. Dada, huo si ujasiriamali, hiyo ni kumpaka bibi wanja na kumpeleka kwenye shindano la urembo.

Kwa hiyo mimi nasemaje? Kama mashine ni ya kwanza na inatakiwa ikulishe, nunua ya ofisi iliyotumika, ile nyeusi isiyo na maringo: Dell OptiPlex, HP EliteDesk. Zimetengenezwa ziwashwe asubuhi zizimwe jioni miaka na miaka, na pawa saplai yake imepimwa pamoja na mashine yenyewe. Angalia namba baada ya i5. Ikianza na 6 au 7, kama i5-6500, achana nayo hata wakupunguzie bei, kwa sababu Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana za 6 na 7 zimejaa mitaani kwa bei ya kutupa. Wewe tafuta i5-8500, ina viini sita badala ya vinne. Kwa Dell ni OptiPlex 3060, 5060, 7060, kwa HP ni zile za G4. Weka SSD. RAM hakikisha umeipata humo humo ndani wakati unanunua, maana tangu mwishoni mwa 2025 bei zake zimepaa, viwanda vimekimbilia kuwauzia wenye sava za akili mnemba.

Kasoro yake kubwa nawaambia mimi kabla hamjaambiwa na kaka. Pawa saplai ya OptiPlex ni ya Dell tu, plagi zake hazifanani na za kawaida, huwezi kuokota yoyote ukachomeka. Na ni ndogo, ile ya kasha jembamba la 7050 kwa mfano ni wati 180. Ukitaka kadi ya grafiki utaishia kwenye zile ndogo zisizohitaji waya wa ziada, aina ya GTX 1050 Ti, na kwenye kasha jembamba iwe fupi la sivyo haiingii. Wa gemu kubwa hapo utakwama, na ni haki yako kuunda. Unda basi! Kuunda kuna raha yake na kuna faida ya kweli: kikifa kimoja unabadilisha hicho kimoja, hutupi mashine. Ila anza na pawa saplai ya kampuni inayojulikana, UPS iwe ya pili, na kasha la kioo liwe la mwisho kabisa, hata likikosekana.

Mtengeneza biti wala usihangaike. FL Studio inakula prosesa na RAM, kadi ya grafiki haina habari nayo. Kuna prodyuza mmoja mkubwa, nyimbo zake mnacheza kila wikiendi, nimeingia studio kwake kwa macho yangu: chini ya meza limelala boksi jeusi la ofisi, limewekewa kitambaa kama redio ya bibi. Kamera zikija zinapiga kioo na spika tu.

Haya, kaka mataa, najua unasoma humu, maana mara ya mwisho ulijibu kwa akaunti ya pili. Ombi langu dogo. Usiku wa leo ukiwa laivu, zima mashine, fungua ubavu wa kasha, toa kile kifuniko cha chini, tusomee kwa sauti stika ya pawa saplai. Kampuni, wati, yote. Ukimaliza tuambie nani alilipa. Dogo wangu atakuwa anaangalia, kwenye OptiPlex yake ya laki sita, huku akimalizia harusi ya Jumamosi.