Pikipiki Haioshwi kwa Ajili ya Picha

Ukitoka getini asubuhi kabla ya saa moja, kuna jamaa mmoja kwenye kijiwe cha bodaboda ambaye sisi wanachuo tumembatiza Mzee wa Tambara. Abiria wapo, wenzake wanagombea vichwa, yeye amechuchumaa pembeni ya Boxer yake na kipande cha fulana kuukuu, anaipangusa kama mtu anayemfuta mtoto mafua. Anaanza na tenki, anashuka kwenye madigadi, anamalizia spoku moja moja. Nimewahi kusimama na washikaji zangu tukamcheka. Mmoja akasema huyu angeoa pikipiki kama sheria ingeruhusu.

Sasa sicheki tena, na sababu yake imenigharimu laki moja na themanini na tano.

Mwaka jana bumu lilipoingia, mimi na mwenzangu wa chumbani tuliamua kuwekeza. Tulikuwa tumebana bana kwa mihula miwili, tukakamilisha laki sita kila mmoja, tukanunua Boxer 150 iliyotumika. Sisi ni watu wa kilimobiashara, kwa hiyo mambo yote tuliyaweka kwenye Excel. Hesabu ya dereva elfu nane kwa siku, Jumapili yake mwenyewe, maana yake elfu arobaini na nane kwa wiki. Wiki 25 mtaji umerudi, na kuanzia hapo tunakula faida hadi tunamaliza chuo. Ile Excel ilikuwa nzuri hadi ina rangi. Haikuwa na mstari wa oili.

Tulimwambia dereva matengenezo madogo ni yake, makubwa ni yetu. Na tulimwambia jambo jingine, ambalo wakati ule niliona ni ujanja wa kibiashara: akichelewesha hesabu siku mbili, tunampa pikipiki mtu mwingine. Jifanye wewe ndiye dereva. Chombo si chako, unaweza kunyang'anywa Ijumaa, na Alhamisi unaambiwa utoe pesa mfukoni ununue oili itakayomfaidi atakayekuja baada yako. Ungenunua? Mimi nisingenunua.

Wiki ya kumi na moja injini ikanoki. Fundi alipofungua bolti ya chini kikatoka kitu kama uji mweusi, kidogo tu, hakijai hata kikombe. Silinda ilikuwa imechorwa mistari, konrodi inacheza. Hadi siku hiyo tulikuwa tumepokea laki nne na elfu thelathini. Mkweche tuliuuza laki nne. Piga hesabu mwenyewe, kisha gawanya kwa mbili.

Bila shaka tulimlaumu dereva. Tulimlaumu kijiweni mbele za watu, kwa sauti, tukitumia maneno kama "uwajibikaji". Mzee wa Tambara alisikiliza hadi tukamaliza, kisha akasema bila kuacha kupangusa: "Msomi, ile pikipiki haikuwa na mwenyewe. Nyie mlikuwa na kadi, yeye alikuwa na ufunguo."

Nilikasirika siku hiyo, lakini maneno yale nililala nayo. Baadaye nikamuuliza ya kwake aliipataje. Kumbe alianza kwa mkataba: mama mmoja alinunua pikipiki, yeye akawa anapeleka elfu kumi kila siku, na waliandikiana kwamba malipo yakitimia kadi inahamia kwake. Anasema alianza kuipangusa siku ya kwanza kabisa, wakati hajalipa hata shilingi. Kila oili aliyomwaga mle ndani alikuwa anaimwaga kwenye mali yake ya mwakani.

Kuna wanaosema haya yote ni mbwembwe tu za vijana. Wanaonyesha vile vitaa vya rangi, stika za timu, manyoya kwenye kiti, honi za lori. Nakubali, mbwembwe zipo. Nimeshapanda boda yenye taa kumi na breki ya nyuma imekufa. Ukitaka kujua nani anajali na nani anajipamba, achana na tenki, angalia cheni. Cheni kavu yenye kutu haidanganyi, hata kiti kikivalishwa ngozi ya chui.

Aliyenifundisha kuangalia cheni ni mjomba wangu, bwana shamba mstaafu kule Mgeta, na hapa ndipo ninapotaka tufike. Mjomba ana Yamaha DT 125 ya zamani, ile ndefu ya madigadi ya juu na tairi za meno, ambayo kwa watu wa umri wake ndiyo pikipiki ya bwana shamba. Aliipata kutoka mradi fulani, na mradi ulipofungwa akaruhusiwa kuinunua kwa bei ya kuchukulia. Imepanda milima ya Uluguru hadi Nyandira na Kienzema, masika na kiangazi, kwenye ule udongo mwekundu unaoganda kama saruji.

Nikiwa mdogo nilidhani anaiosha kwa kuringa, maana hakuwa analala kabla hajaiosha. Siku moja akanipa mswaki wa zamani, akanionyesha zile mbavu za silinda. "Mjomba, hii haina maji ya kupoza injini kama gari. Inapozwa na upepo unaopita hapa. Ukiacha tope likauke, umeivisha blanketi." Kichujio cha hewa ni sponji tu: anakifua kwa mafuta ya taa, anakikamua, anakilowesha oili kidogo ili vumbi linase pale lisiingie kwenye injini. Oili ya tu-stroki ina tenki lake, na hajawahi kuliacha lishuke chini ya nusu, kwa sababu injini ile ikikosa oili haikupi onyo la wiki nzima kama ya Boxer. Cheni anaipima kwa vidole, isikaze, isilegee. Haya yote huyafanya akiwa anapiga mluzi. Wazee wenzake wakipita wanamsalimia yeye kwanza, halafu wanaiulizia pikipiki hali.

Sasa tuongee sisi. Wengi wetu hapa chuoni tukipata ajira serikalini tutakuwa maafisa ugani. Mwaka 2022 Serikali ilianza kugawa pikipiki kwa maelfu ya maafisa ugani nchi nzima, jambo zuri sana, kwa sababu mkulima wa mlimani hafikiwi kwa WhatsApp. Lakini tunakwenda kupewa chombo chenye ufunguo wetu na kadi ya ofisi. Ni ile Boxer yangu na mwenzangu, safari hii kwa bajeti ya umma. Nikiwa fildi nimeona pikipiki ya kazi imeegeshwa nyuma ya ofisi, kuku wametagia chini yake, kisa ni cheni iliyokatika. Hakuna aliyeona aibu, maana haikuwa ya mtu.

Mimi sidhani dawa yake ni waraka wa kukumbusha "utunzaji wa mali za umma". Nyaraka hizo tumezibandika hata kwenye mabafu ya hosteli, na mabafu mnayajua. Dawa ni ile ya mjomba na ya Mzee wa Tambara: afisa ajue tangu siku ya kwanza kwamba akiitunza miaka fulani, chombo kinakuwa chake kwa bei nafuu. Mtasema atakitumia kubebea mkaa. Labda wachache. Lakini anayejua kitakuwa chake hatakipakia magunia manne, na kile kilicholala nyuma ya ofisi hakimsaidii mkulima yeyote.

Hilo ni la wakubwa, nalo litachukua muda. La kwetu ni dogo zaidi. Tunasoma mitambo ya kilimo, tunachora matrekta kwenye karatasi za mtihani, lakini darasani kwetu nilipouliza nani anajua kupima oili ya pikipiki, mikono ilinyooka mitatu, na mmoja alikuwa anaomba kwenda msalani. Serikali ya wanafunzi iandae siku moja tu kabla hatujatawanyika kwenda fildi. Fundi wa kijiweni nimeshaongea naye, atakuja na injini mbovu ya mfano kwa elfu hamsini na soda. Mzee wa Tambara anasema atakuja bure, ilimradi asiambiwe aivue kofia yake.

Mimi likizo hii naenda Mgeta. Mjomba amenituma lita moja ya oili ya tu-stroki, na amenionya nisije na shati jeupe.