Vita vya Kiroho: Adui ni Nani Hasa?

Mwezi wa Ramadhani hapa kwetu mwambao una desturi zake, na mojawapo ni safari za sahani. Magharibi ikikaribia, sahani hutoka nyumba hii ikaingia nyumba ile, na aghalabu hakuna aulizaye mwenye nyumba anaabudu wapi. Kwa miaka mingi sahani ya kwangu imekuwa ikivuka uchochoro kwenda kwa jirani yangu, mama wa Kitaita aliye Mkristo, na Krismasi ikifika hurudi imejaa. Basi, Ramadhani moja ya miaka hii ya karibuni, sahani ilirudi kama ilivyokwenda: mahamri yake na mbaazi zake, hapakuguswa kitu. Kesho yake mama yule akaja mwenyewe, uso ameuinamisha.

"Mzee, unisamehe," akasema. "Si mimi, ni huyu kijana wangu. Alikwenda mkesha, akaambiwa mambo yake hayaendi kwa sababu ya chakula cha majirani. Ati kimesomewa."

"Kimesomewa nini, mama?"

"Majini."

Nikamwambia chakula kile kilisomewa Bismillahi, basi. Tukacheka sote wawili, lakini kicheko chenyewe hakikufika moyoni.

Sikuona vyema kuudhika nikanyamaza. Kijana yule nimemwona akizaliwa, akikua na akisoma; ana cheti cha ufundi, na kazi hana. Neno alilolileta nyumbani lina asili yake, na lina watu walilolifikisha mbali sana. Ndilo hilo waliitalo "vita vya kiroho". Leo natuliangalie kwa makini, kwani jambo linalozungumzwa ukutani mwa jirani lina njia ya kutufikia na sisi.

ASILI YA MANENO HAYA

Wakristo wanapozungumza habari ya vita vya kiroho, hutegemea waraka wa Paulo kwa watu wa Efeso, sura ya sita. Efeso ulikuwa mji mkubwa wa bandari, katika nchi iitwayo leo Uturuki, nao ulisifika kwa uganga. Kitabu cha Matendo ya Mitume chasimulia kwamba walioamini walikusanya vitabu vyao vya uchawi wakavitia moto, na thamani yake ikahesabiwa vipande 50,000 vya fedha. Kwa watu kama hao, walioishi wakiogopa pepo na nyota, ndipo waraka ukawataka wavae silaha zote za Mungu.

Silaha zenyewe ni zipi? Kweli ndiyo mshipi, haki ndiyo dirii, utayari wa kuihubiri amani ndio viatu, imani ndiyo ngao, wokovu ndio chapeo, na neno la Mungu ndilo upanga. Kisha waraka unasisitiza sala. Mwenye kutia akilini ataona mambo mawili. Kwanza, karibu zote ni silaha za kujikinga. Ya kushambulia ni moja tu. Pili, kabla ya kuzitaja silaha hizo waraka umekwisha sema wazi kwamba mashindano hayo si dhidi ya watu wenye damu na nyama. Kwa maneno mengine, jirani hayumo katika daftari la maadui.

Na tazama maneno yenyewe: roho, imani, haki, dirii, shetani, Injili. Yote hayo yametoka Kiarabu, yakapita kwetu mwambao, ndipo yakaingia katika Biblia ya Kiswahili. Mkristo anapomkemea shetani kwa Kiswahili, ulimi anaoutumia ameukuta umekwisha nolewa vyuoni mwetu. Hatuwi mbali kama tudhanivyo.

ZAMANI ADUI ALIKUWA NDANI

Waama vita hivi havikuanza na vipaza sauti. Katika miaka ya 1930 kulizuka uamsho mkubwa wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, na mwishoni mwa miaka hiyo ukafika Kenya. Watu wa uamsho ule adui yao mkubwa alikuwa dhambi ya mtu mwenyewe. Mtu alisimama mbele ya wenzake akakiri kwamba ameiba au amezini. Na aliyeiba alikwenda akarejesha mali ya watu. Wakati wa Mau Mau, katika miaka ya 1950, wengi wao walikataa kula kiapo, na pia wakakataa kuchukua bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo. Mtu aweza kukubaliana nao au asikubaliane, ila hawezi kusema hawakujua maana ya vita vya nafsi.

Sisi tulilelewa na fundisho lililo karibu na hilo. Masheikh wetu walipenda kusimulia kwamba jihadi kubwa ni ile ya mtu kupambana na nafsi yake. Wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha isnadi ya simulizi hiyo, lakini maana yake haikosi mashiko: Kurani yenyewe inatueleza kwamba nafsi huamrisha maovu, na kwamba shetani siku ya Kiyama atawaambia wafuasi wake kuwa yeye hakuwa na mamlaka juu yao, aliwaita tu wakamwitikia. Ni maneno mazito hayo. Aliyeitikia ndiye wa kulaumiwa.

ADUI AHAMISHWA

Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 upepo uligeuka. Mikutano mikubwa ya injili iliingia viwanjani, na pamoja nayo vitabu na kanda. Mwaka 1986 Mmarekani Frank Peretti alitoa riwaya iliyouzwa sana, ambamo malaika na mapepo wanapigania mji mdogo. Mwaka 1987 Mnigeria Emmanuel Eni alitoa kijitabu cha ushuhuda, akidai kwamba alifika katika ufalme ulio chini ya bahari, unaotawaliwa na malkia wa pwani. Kijitabu hicho kilizunguka Afrika nzima. Hebu fikiri: kijana wa bara aliyekisoma, akaja Mombasa kutafuta kazi, akaiona bahari kwa mara ya kwanza, ataiona kwa macho gani?

Katika miaka ya 1990 Mmarekani mwingine, C. Peter Wagner, na wenziwe walifundisha kwamba kila mji una pepo wake mtawala, na kwamba waombaji yawapasa wachore ramani ya maskani yake kabla ya kumshambulia. Kenya haikubaki nyuma. Filamu ya mwaka 1999 ya George Otis Jr. iliusifu mji wa Kiambu, ambako mchungaji Thomas Muthee alisema mji ulibadilika baada ya mwanamke mmoja mpiga ramli kuondoka kufuatia maombi yao. Mchungaji huyo huyo mwaka 2005 alimwombea Sarah Palin kanisani huko Alaska alindwe na uchawi, na mwaka 2008, bibi huyo alipogombea umakamu wa rais wa Marekani, picha zake zikaonwa na ulimwengu.

Hata dola liliingia katika hofu hii. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, mwenyekiti wake akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na mwaka 1999 ripoti yake ikafikishwa bungeni.

Almuradi, adui aliyekuwa ndani ya kifua amehamishwa. Sasa yuko baharini, yuko kwa bibi mzee wa kijijini, yuko kwa jirani anayeswali. Wahubiri hupenda kuitaja methali yetu ya "kikulacho ki nguoni mwako" wakimaanisha ndugu na majirani. Lakini nguoni mwako, kwa maana ya kwanza kabisa, mna nani? Umo wewe mwenyewe.

TUSIJITOE KOMBO

Hapa nawaomba wasomaji tusiharakishe kuwacheka wenzetu. Nani aliyewafundisha kwamba pwani ina majini? Ni sisi. Nyanya zetu walikuwa na pepo wa kila kabila: wa Kiarabu, wa Kisomali, wa Kihabeshi, wa Kimasai, hata wa Kizungu. Ukichunguza utaona kwamba pepo huvaa nguo za mgeni. Yeyote tuliyemwogopa au tusiyemwelewa, tulimpa kiti kilingeni. Leo mwenzetu wa bara anatuona sisi ndio wageni, na pepo wake amevaa kanzu na kofia. Tofauti ni kwamba kilingeni pepo alisemezwa, akapewa nguo yake na uvumba wake, wakapatana. Mkutanoni hupigiwa kelele za moto achomwe.

Wala elimu yetu haisemi kwamba majini wote ni waovu. Surat al-Jinn inasimulia kundi lao lililoisikiliza Kurani likaamini, na inasema wamo wema na wamo wasiokuwa wema. Ndio viumbe kama sisi. Lakini ni wangapi miongoni mwetu hii leo wanaopeleka mgonjwa kusomewa, na msomaji, badala ya kumwombea shifaa kwa Mola, humtajia shangazi yake kuwa ndiye mchawi? Huyo naye anahamisha adui, ijapokuwa anaifanya kazi hiyo kwa Kiarabu.

GHARAMA YA KUKOSEA ADUI

Jambo hili si mchezo wa maneno. Katika kaunti za Kilifi na Kwale wazee wenye mvi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hiyo pamekuwa na shamba linalotamaniwa na warithi. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Na hali Sheria ya Uchawi, tuliyorithi kutoka kwa mkoloni tangu mwaka 1925, ilifanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa.

Kisha likaja la Shakahola. Mwezi wa Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu ule ulio bara ya Malindi, na hatimaye miili ikapita 400, mingi yao ya watoto. Walikuwa wafuasi wa Paul Mackenzie, ambaye kanisa lake lilikuwa Malindi mpaka lilipofungwa mwaka 2019. Mwaka 2024 yeye na wenzake walifikishwa mahakamani, wakakana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama, si yangu mimi. Tunalolijua ni kwamba watu walifunga mpaka wakafa wakitaraji kukutana na Yesu. Mwaka 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi.

Angalia njia waliyopitishwa. Kwanza shule iliitwa kazi ya shetani, mtoto akatolewa. Kisha hospitali, mgonjwa akakosa dawa. Kisha jamaa wa mbali na wa karibu, simu zikakatika. Mwisho kikafuata chakula. Mtu aliyefundishwa kwamba adui yuko kila pahali nje ya kundi lake, hubaki na rafiki mmoja tu, naye ni yule aliyemfundisha. Silaha zilizotajwa katika waraka wa Efeso hazikuwamo katika msitu ule: kweli haikuwako, wala amani.

Na sisi tunaofunga kila mwaka tunajua kwamba saumu ina mipaka. Mtume, sala na salamu zimshukie, aliwakataza umma wake kuunganisha siku bila ya kufuturu, akahimiza daku na kuharakisha futari. Mgonjwa na msafiri wana ruhusa yao. Saumu isiyokuwa na futari kwetu sisi haina jina.

MATAYARISHO YA KILA SIKU

Basi ajitayarishe vipi mtu? Wakristo wengi, tena wengi sana, hujitayarisha kwa namna ambayo haitangazwi popote. Mama yule jirani yangu huamka alfajiri akaomba, nasi tukiwa tunatoka kuswali. Huenda kazini akarudi, hamsengenyi mtu. Ana deni hulipa. Hivyo ndivyo vita vyake, na nadhani Paulo angevitambua. Sisi nasi tuna udhu wetu, tuna Ayatul Kursiyyu, tuna Falaqi na Naasi asubuhi na jioni. Na tukumbuke kwamba Falaqi inatukinga na hasidi pale anapohusudu, wala haikutupa ruhusa ya kuzunguka mtaani tukimtafuta ni nani.

Kwa wazazi nina neno moja. Mwalimu yeyote, awe wa msikitini au wa kanisani, akimwambia mwanao aache shule, aache dawa, au amwogope mamake, huyo usingoje mpaka mwisho wa hotuba. Na kwa viongozi wetu: kijana mwenye cheti asiye na kazi miaka mitano atataka kuambiwa sababu. Tusipompa sababu ya kweli, yuko atakayempa jini.

Nilifanya nini mimi? Ramadhani iliyofuata niliipeleka sahani mwenyewe, wala sikumtuma mtoto. Nikamkuta kijana yule mlangoni. Nikamwambia kwamba katika Surat al-Maida chakula cha watu wa Kitabu ni halali kwetu, na chetu ni halali kwao. Sasa akitaka nile mimi kwanza mbele yake, kengele ya futari ingojwe. Akatabasamu, akaipokea kwa mikono miwili. Kama alikula sijui. Sahani ilirudi tupu, imeoshwa, na ndani yake mna ndizi mbivu tatu.

Adui usimsake, ukutani mwa jirani,
Mtizame umshike, yumo mwako maungoni,
Ni nafusi na makeke, ivutayo kwa shetani,
Sahani nayo ivuke, irudi kwetu nyumbani.